Mwelekeo wa Bu Man-gil: Nchi Kavu, Bahari na Anga

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamshwa na kipaza sauti cha kijiji. Ko tena! Mwenyekiti wetu, Ko Byeong-du, mwenye sauti ya mbuzi aliyenyimwa majani, alikuwa akisoma Mwelekeo wa Machipuko wa ofisi ya hali ya hewa ya kanda. Nchi kavu: joto litapanda, lakini huenda baridi ikarudi ghafla. Bahari: huenda ukungu ukatanda upepo wa kusini ukianza. Anga: huenda upepo wa mlimani ukasumbua ndege uwanjani. Huenda, huenda, huenda! Hata mimi nikiwa nakoroma naweza kusema huenda.

Nilikunja ngumi chini ya blanketi. Kijiji kizima cha Dolgae kina mtu mmoja tu aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya hali ya hewa, naye ni mimi. Kweli nilikuwa dereva. Lakini mtabiri mkuu alikuwa akipanda gari langu kila asubuhi kwenda uwanja wa ndege, na aliyoyasema kwenye simu niliyasikia kabla ya kisiwa kizima cha Jeju. Mtu wa namna hiyo anakaa kimya, halafu Ko ndiye anashika kipaza sauti!

Sasa jambo kubwa. Mwanangu Seong-u anaoa. Mchumba wake ni Pyo Hae-in, msichana wa Seoul, na wazazi wake wanakuja Jumamosi ijayo kukutana nasi kwa mara ya kwanza. Nimeapa harusi itafanyika hapa hapa uani kwangu. Siku tatu! Nguruwe weusi, turubai, supu ya mwani, kijiji kizima! Mwana wa Ko alioa Seoul, kwenye ukumbi wa kukodi. Wageni walipewa tiketi za chakula kama abiria, na bibi harusi aliyefuata alikuwa tayari mlangoni anakohoa. Nataka Ko akae uani kwangu siku tatu anywe supu yangu na aone harusi ni nini.

Nimempigia simu Bwana Pyo, baba wa binti. Akaniuliza kwa adabu kama hali ya hewa ya kisiwa ni ya kuaminika mwezi wa tatu. Nikamwambia aje bila wasiwasi, jua nimelidhamini mimi mwenyewe. Mke wangu Mal-sun alikuwa anasikia. Akasema, "Baba Seong-u, ukitaja hali ya hewa mbele ya wakwe, utakula nje na paka." Paka mwenyewe hanipendi.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya kwanza ya mwezi wa pili kwa kalenda ya wazee. Bibi Yeongdeung, mungu wetu wa upepo, ametua kisiwani. Atazunguka akipanda mbegu baharini na mashambani, atakula nyama ya konokono wote wa pwani wabaki magamba matupu, na siku ya kumi na tano ataondoka. Kabla hajaondoka hatufui nguo, hatuezeki paa, wazamiaji hawazami. Na kila mtoto hapa anajua la kuangalia: akija na binti yake, ni jua tupu, maana anataka sketi ya binti ipepee watu waione. Akija na mke wa mwanawe, ni mvua na dhoruba, ili nguo mpya za mkwe zilowe chapachapa.

Wanawake wazamiaji walikuwa ufukweni na mganga wao, ngoma inalia, mikate ya mchele na machungwa yamepangwa. Mal-sun, ambaye ni mzamiaji, alikuwa amebeba sinia. Nikatazama juu. Jua! Hakuna hata kipande cha wingu!

Nikamtazama Ko. Mashavu yamejaa mkate wa mchele. Nikanyata polepole mpaka ofisi ya kijiji. Mlango haujafungwa. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili na moyo ukanienda mbio kwa furaha.

Nilitangaza: nchi kavu, jua; bahari, bwawa la kuogea watoto; anga, barabara ya lami. Bibi kaja na binti! Anikeni, tandazeni, ezekeni! Sikusema huenda hata mara moja. Nilipotoka nje watu walikuwa wamesimama kimya wakinitazama. Nadhani ilikuwa heshima.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Si ya kutoka juu, ya kutoka ubavuni. Upepo umeng'oa nailoni zote zilizofunika vitunguu saumu vya jirani na kuzitundika kwenye nyaya za umeme. Bi Hyeon, mkubwa wa wazamiaji, alikuwa ametandaza mwani wake barabarani ukauke, kwa ushauri wangu. Mwani umerudi baharini wote.

Alikuja mlangoni kwangu na koti la mvua. Akaniita kwa jina bila hata kunipa u-baba wangu. "We Man-gil! Huyo binti uliyemwona wewe, alikuwa na ndevu?" Nikamjibu kwamba utabiri ni taaluma. Akasema taaluma yangu ni usukani, nirudi kwenye usukani. Mal-sun alimpa chai na wakacheka jikoni muda mrefu. Kicheko cha jikoni kinaniudhi kuliko matusi.

Jioni kipaza sauti kikaguna. Ko, anajikohoza kwa raha. Akasema ofisi ya kanda inatangaza upepo mkali, na kuhusu lile tangazo la juzi, inaelekea Bibi kaja na mkwe, na mkwe kaja na mizigo. Nikasikia nyumba tatu zikicheka kwa wakati mmoja.

Nimefikiri. Sikukosea. Bibi alishuka na binti, binti akachoka njiani akarudi, mkwe akaletwa kujaza nafasi. Hilo hata ofisi ya kanda haiwezi kulijua.

Alhamisi, 14 Machi

Bwana Pyo amepiga simu. Mtu wa bima, anasoma kila kitu mpaka maandishi madogo ya chini. Amesoma utabiri wa ofisi ya kanda wa nchi kavu, wa bahari na wa anga, zote tatu! Jumamosi nzuri, Jumapili asubuhi nzuri, kuanzia Jumapili alasiri ukungu. Kwa hiyo watashuka Jumamosi asubuhi, watalala kwetu, na wataondoka Jumapili asubuhi.

Usiku mmoja! Mtu wa Seoul hawezi kukubali harusi ya siku tatu kwa usiku mmoja. Inabidi alainishwe. Siku ya kwanza anakula, ya pili anashiba, ya tatu anakubali. Nikagundua kosa langu: nilikuwa nahitaji jua la kuwaleta, halafu dhoruba ya kuwazuia. Binti Jumamosi, mkwe Jumapili.

Nikaenda ufukweni kwenye kibanda cha ibada, nikamwachia Bibi chungwa moja na maelezo. Bi Hyeon alinikuta. Akaniuliza namwomba nini. Nikasema namsalimia tu. Akasema, "Mwache bibi wa watu afanye kazi yake, Man-gil, wewe hata ya kwako ulistaafu ukiwa umechoka kukaa."

Jumamosi, 16 Machi

Jua! Nani aliahidi? Mimi! Ndege imetua bila hata kutikisika. Bwana Pyo mwembamba, amebeba mwavuli siku isiyo na wingu. Mkewe, Mama Hae-in, koti jeupe, mkono laini, macho hayakosi kitu. Hae-in ni mtoto mzuri, alivua viatu akavipanga na vyetu pia. Seong-u alikuwa anatokwa jasho kama anaoa leo.

Chakula cha mchana Mal-sun alijipita mwenyewe. Samaki mwekundu wa kukaanga, uji wa kombe za baharini alizozamia kabla Bibi hajaja, nyama ya nguruwe, majani mabichi ya machipuko. Mama Hae-in alisifia uji, akaongezwa. Bwana Pyo alilegeza tai. Nikaona sasa ndipo. Nikaanza kusifia siku tatu za harusi. Wakaitikia kwa vichwa, vizuri.

Mama Hae-in akauliza ile ngoma ya ufukweni aliyosoma habari zake mahali ni ya nini. Ningenyamaza vipi? Nikaeleza Bibi Yeongdeung mwanzo mpaka mwisho. Sketi ya binti inavyopepea. Nguo za mkwe zinavyoloa. Nilisimama nikaigiza hata upepo.

Mama Hae-in akaweka vijiti chini. Akauliza, "Na huyo mkwe alimkosea nini?"

Nikasema, "Hakuna. Ni mkwe tu."

Nikadhani hawajaelewa, nikarudia. Mal-sun alinipiga teke chini ya meza, likampata Bwana Pyo, akaomba radhi yeye. Hae-in akacheka kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini: basi katika nyumba hii, Baba, mimi nitakuwa yupi? Swali zuri. Nikamjibu kwa ukweli, kama mtabiri. Nikasema itategemea.

Seong-u alitoka nje akakaa na paka.

Mambo mengine yalikwenda vizuri sana. Baada ya hapo wageni walikula kidogo, nadhani ni uchovu wa safari. Siku moja zaidi na Bwana Pyo atasaini hata nguruwe.

Jumapili, 17 Machi

Kulikucha kweupe kabisa. Bahari imelala. Bibi hakusikia neno, au chungwa lilikuwa dogo. Ndege yao ilikuwa ya saa nne asubuhi.

Nikafanya linalopaswa. Ko alikuwa bado kitandani, mlango wa ofisi bado haufungwi. Nikashika kipaza sauti na kuibana pua ili sauti ifanane na ya kiofisi. Tangazo la dharura! Anga: uwanja wa ndege umefungwa! Upepo wa hatari kutoka mlimani! Yeyote mwenye safari abaki nyumbani, na wenye wageni wawapikie.

Niliporudi Bwana Pyo alikuwa uani na mizigo, anatazama juu. Ndege ikapita, nyeupe, imetulia. Akaniuliza hiyo ni nini. Nikasema hizo ni za kushuka, kushuka kunaruhusiwa. Ikapita nyingine inapanda. Akanitazama. Nikasema hiyo imekaidi amri. Ikapita ya tatu inapanda. Hae-in akasema, "Baba, naona leo wakaidi wengi." Bwana Pyo akatoa simu, akapiga uwanja wa ndege. Aliongea kwa upole. Upole wa watu wa bima unatisha! Ndege yao ilikuwa inaondoka wakati huo huo bila wao. Wakahamishiwa ya alasiri.

Balaa halikuishia hapo. Mke wa Ko alikuwa na tiketi ya asubuhi hiyo hiyo. Mjukuu wao anatimiza mwaka mmoja tangu azaliwe, kule Seoul. Unajua siku ile: mtoto anavalishwa hariri, anawekewa uzi, kalamu na mchele achague bahati yake, na bibi ndiye anamshika kiuno asianguke. Mama huyu alikuwa ameshona nguo ya mtoto kwa mkono wake. Alisikia tangazo akavua koti, akakaa. Alipojua ukweli, hakukuwa na nafasi tena. Alikuja uani kwangu na lile furushi kifuani. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliniuliza tu, "Baba Seong-u, mimi nilikufanyia nini?"

Kwa dakika moja nilijisikia vibaya sana kifuani, mpaka nikadhani ni uji.

Halafu saa nane upepo ukageuka. Wa kusini, wa uvuguvugu. Nikauona ukungu unatambaa juu ya maji unakuja, mnene, unaficha mwamba, unaficha boti, unaficha ghala. Huo ulikuwa ukweli! Nikakimbia kwenye gari la kukodi la akina Pyo, nikalala juu ya boneti. Msiende! Uwanja utafungwa kweli sasa hivi! Ukungu!

Mama Hae-in akashusha kioo, akasema nisijichoshe, leo wameshasikia utabiri wa kutosha. Wakaondoka. Ukungu ukawameza kwenye kona ya bustani ya machungwa.

Jumatatu, 18 Machi

Nilikuwa sahihi! Uwanja ulifungwa jana alasiri, na leo asubuhi bado umefungwa. Kisiwa kizima kimekwama. Akina Pyo wamelala sakafuni uwanja wa ndege juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, pamoja na watalii na watoto wanaolia. Hoteli zote zimejaa. Seong-u yuko nao.

Nikasema kama wangenisikiliza wangelala kitandani. Mal-sun alimimina supu ya mwani kwenye chupa za chai, akafunga wali, akachukua mablanketi yote hata langu, akachukua na gari. Nilipotaka kupanda akafunga mlango kutoka ndani.

Jioni Seong-u akapiga simu. Sauti yake ina furaha, jambo lililonishangaza. Akasema mama amefika, wamekula wote wamekaa juu ya boksi, na Mama Hae-in amemwomba Mal-sun amsimulie alivyoishi na mama mkwe wake ndani ya nyumba hii. Yaani na marehemu mama yangu! Nikauliza kasimulia nini. Seong-u akasema, yote. Miaka ile ya kufua kwa maji baridi, ya kula mwisho, ya kwenda kuzamia na mimba. Walilia wote wawili, halafu wakacheka mpaka askari akaja kuangalia. Halafu Mal-sun akamshika Hae-in mkono mbele ya kila mtu, akasema mvua iliyomnyeshea yeye inatosha kwa ukoo mzima, Hae-in haitamgusa.

Na hapo hapo, juu ya boksi, wakamaliza kila kitu. Harusi itafanyika. Oktoba. Seoul. Ukumbini.

Nikauliza, na tiketi za chakula? Seong-u akasema ndiyo, Baba, na tiketi za chakula. Nilikaa jikoni peke yangu. Hakukuwa hata na supu.

Jumatano, 20 Machi

Ndege zimeruka jana. Mal-sun amerudi, ananiongelesha kwa kichwa tu.

Kijiji kimekaa kikao juu yangu. Mlango wa ofisi umetiwa kufuli kubwa kuliko la ghala la vitunguu. Ko hakusema mengi. Nilitaka aseme mengi, ningemjibu. Alisema tu kwamba mkewe amemwona mjukuu kwenye simu, mtoto amechagua uzi. Uzi ni maisha marefu. Nikasema nampa hongera. Hakuipokea.

Adhabu yangu ni kutengeneza mashua ya majani makavu ya kumsafirisha Bibi Jumapili. Bi Hyeon anasimamia. Ananisifu kwa kunifumulia kila nikimaliza. "Safi, baba wa utabiri. Sasa anza upya, hii hata konokono hapandi."

Jumapili, 24 Machi

Bibi Yeongdeung ameondoka. Mashua yangu ilijazwa mchele, samaki, machungwa na pombe, ikavutwa mpaka maji mengi na kuachiwa. Wanawake walicheza, Mal-sun akiwa katikati, mzuri kama siku niliyomwoa. Mke wa Ko alisimama pembeni. Nilimpelekea mkate wa mchele. Aliuchukua akampa mbwa. Basi, angalau aliuchukua.

Kabla mashua haijaachiwa niliinama kuikaza kamba, nikachomeka karatasi yangu katikati ya mchele. Nimemwandikia Bibi ombi dogo: kimbunga, mapema Oktoba, kikubwa, cha kufunga anga la Seoul lote. Ukumbi utakosa umeme, wageni watatawanyika, na wakwe watakumbuka kwamba kisiwani kuna mtu ana ua, turubai na nguruwe. Safari hii nimefikiria kila kitu.

Wakati wa kula sikuweza kujizuia, nikamdokezea Mal-sun kwamba Oktoba naona kimbunga. Kwa mara ya kwanza wiki nzima, akatabasamu. Akasema tiketi za harusi ameshanunua. Yake, ya Bi Hyeon, za Ko na mkewe, na watu wa kijiji waliobaki watafuata kwa meli na basi. Nikamuuliza yangu iko wapi. Akasema hakununua, maana kukiwa na kimbunga lazima mtaalamu abaki aangalie mawingu.

Mtaalamu! Amesema mtaalamu! Miaka yote hii, hatimaye mke wangu ameiheshimu kazi yangu.

Nimeshaanza Mwelekeo wa Vuli. Nchi kavu: kimbunga. Bahari: kimbunga. Anga: kimbunga. Hakuna huenda. Na kijiji kizima kikiwa Seoul, Ko akiwa Seoul, ufunguo wa kufuli lazima aachiwe mtu, na mtu atakayekuwepo ni mmoja tu. Kipaza sauti kitakuwa changu kutwa nzima!